Kanga Iliyokwama Ndani ya Kompyuta

Mgeni binti Abdulmajid alikuwa mtu wa kusoma kila kilichoandikwa. Ukimpa dawa ya kikohozi, kwanza atakisoma kile kikaratasi cha ndani mpaka anwani ya kiwanda, ndipo anywe kijiko kimoja. Ukimpa tiketi, ataigeuza nyuma. Marehemu mumewe alikuwa akimtania mbele za watu: "Huyu akifika mlango wa pepo atamwambia malaika, hebu nipe kwanza kanuni za humu ndani nizisome." Watu wakicheka, Mgeni naye anacheka, halafu anarudi kwenye kusoma kwake. Sehemu kubwa ya maisha tabia hiyo haikumpa chochote zaidi ya kuchelewa safari. Lakini ipo siku ilimfaa, na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kwanza mjue alivyofika dukani kwa Mzee Lalit.

Alizaliwa Msimbazi, ule mtaa wenyewe, si bondeni. Alipomaliza kidato cha nne akasomea kupiga taipu, akaajiriwa na shirika moja la umma. Miaka kumi na minne alipiga barua za wakubwa, vidole vikikimbia bila macho kuviangalia. Halafu yakaja mambo ya soko huria. Mashirika yakaanza kuuzwa moja moja kama sahani za mtu anayehama nyumba, na mwaka wa tisini na tatu zamu ikalifikia shirika la Mgeni. Wafanyakazi arobaini na mmoja wakaandikiwa barua za kupunguzwa kazini. Na nani alizichapa barua hizo? Yeye. Arobaini za wenzake kwanza, ya kwake mwisho. Akaipanga pembeni vizuri, hakukosea herufi hata moja, akaitia kwenye bahasha, akaiweka juu ya meza yake mwenyewe, akaketi, akaifungua, akaisoma yote.

Hakukaa nyumbani kulia. Mwezi haujaisha alikuwa ameweka meza na taipureta ya mkono pembeni mwa soko la Kariakoo, anawachapia watu maombi ya kazi na hati za kuuziana viwanja. Hapo ndipo Mzee Lalit alipomwona. Mzee Lalit alikuwa muuza kanga wa Mtaa wa Uhuru, Mhindi wa Dar tangu babu yake. Ukifumba macho akaongea, utadhani unazungumza na mjomba wako wa Kariakoo. Zamani kanga zake zilipigwa chapa hapa hapa nchini. Viwanda vilipolegea na bandari ilipofunguka, yeye na wenzake wakaanza kupeleka michoro Bombay, na mzigo unarudi kwa meli. Akahitaji mtu wa kumpangia jina la kanga, yale maneno ya chini, kwa herufi safi zisizoyumba. Akamchukua Mgeni.

Mwaka elfu mbili na moja Keyur, mtoto wa Mzee Lalit, akaleta kompyuta ya mtumba kutoka Dubai. Akamfundisha Mgeni kuchora kwa mausi miezi sita, akamwandikia daftari la maelezo, akaenda zake Uingereza kusoma. Mgeni, mwanamke wa miaka arobaini na sita, akabaki na mashine na daftari. Kwa miaka mitatu alipanga maneno ya watu juu ya michoro ya watu. Mwaka wa nne, yaani elfu mbili na nne, akamwomba bosi wake jambo moja: amruhusu achore kanga yake mwenyewe, mji wa katikati, pindo na jina, vyote mkono wake.

Mzee Lalit akakuna kidevu. "Chora. Ikinipendeza itaenda. Isiponipendeza usininunie."

Alichora miezi miwili, saa zile za mchana ambazo duka limepoa. Katikati aliweka kikuba, lile fungu la asumini na rehani na mkadi ambalo wanawake wa pwani hujichomeka kifuani siku ya shughuli. Pindo akalizungushia ukili, uliosukwa mstari kwa mstari kama wa mkeka. Na chini, ndani ya kisanduku chake, jina: SIKUKAA BURE NILIKUWA NAJIFUNZA.

Mzee Lalit alilisoma mara mbili. "Hii," akasema, "wanawake watanunua wakapigane nayo vijembe." Kwake hiyo ilikuwa sifa, tena sifa kubwa.

Basi ikapangwa hivi. Bijal, mdogo wa kike wa Mzee Lalit, alikuwa anaruka kwenda Bombay Jumamosi asubuhi. Ijumaa saa kumi na moja jioni angepita dukani na flashi yake, mchoro utiwe humo, aukabidhi kiwandani kwa mkono. Kiwanda kilikuwa kinapokea michoro ya msimu wa harusi mpaka mwisho wa mwezi ule. Ukichelewa, umechelewa.

Jumatano alasiri Mgeni alikuwa anamalizia kona ya mwisho ya pindo. Umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo mpaka feni ya darini ikapiga kelele. Alhamisi asubuhi alipoiwasha ile kompyuta, kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja tu mweupe wa Kiingereza: faili fulani halionekani au limeharibika.

Mgeni akausoma mstari ule mara tatu. Hakupiga ukelele. Akafungua daftari la Keyur, akapekua mpaka akakuta pameandikwa: "Ikigoma kabisa kuwaka, zima, washa, bonyeza F10. Ina dawa yake ndani."

Nayo kweli ilikuwa nayo. Kompyuta za aina ile kiwanda kiliziwekea kijisehemu cha siri humo ndani, ili zikiugua zijirudishe zenyewe zilivyokuwa. Mgeni akabonyeza. Zikaja njia mbili za kuchagua. Mtu mwingine angebonyeza ya juu au ya chini, basi. Yeye akachukua kamusi, akasoma zote mbili. Moja ilisema itafuta kila kitu. Nyingine ilisema itatengeneza bila kugusa kazi za mwenye mashine. Akachagua hiyo. Asilimia zikaanza kupanda: kumi, ishirini, thelathini. Ilipofika arobaini na tatu ikasimama, ikasema imeshindwa kusoma. Akaanza upya. Arobaini na tatu. Mara ya tatu, arobaini na tatu.

"Na dawa nayo imechacha," akasema peke yake.

Akaitwa Shomari, fundi kompyuta aliyekuwa na kimeza chake chini ya ngazi za jengo la pili. Kijana wa haraka, bisibisi nne mfukoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Itazame hii."

Shomari akaitazama kwa muda wa mtu kumeza mate. "Hii ni kupiga windo tu, kuitia programu zake upya. Nusu saa umemaliza."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vipi?"

"Mchoro wangu umo humo. Hauko mahali pengine popote duniani."

"Aa, mama, hapo tunafomati yote, tunaanza moja. Mashine inakuwa kama imetoka dukani leo."

"Na kanga yangu inakuwa kama haijazaliwa."

Shomari akajikuna. "Au niibebe kwangu, nikaichungulie taratibu..."

"Mashine haitoki!" Sauti hiyo ilitoka kaunta, kwa Mzee Lalit, aliyekuwa anampimia mteja doti na masikio yote yako huku. Naye hakuwa na roho mbaya, jamani. Mtaa ule mchoro wa kanga ulilindwa kama mwari. Ukivuja Jumatatu, wiki haijapita unaukuta duka la jirani, rangi imebadilishwa kidogo, na wewe uliyeuzaa unaonekana mwizi. Kompyuta haikuruhusiwa kuvuka kizingiti, na fundi hakuruhusiwa kukaa nayo peke yake.

Mteja alipoondoka, Mzee Lalit akaja akasimama nyuma ya kiti. "Bi Mgeni, sikiliza. Kesho saa kumi na moja Bijal anafika. Ukiwa nayo, inakwenda. Usipokuwa nayo, nampa ile ya maua ya mwaka jana. Inauzika."

"Ya mwaka jana kila mtu anayo, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia inauzika."

Mgeni akamgeukia Shomari. "Niachie sidii ya windo. Nitapiga mwenyewe."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Kwani inapigwa kwa ndevu?"

Shomari akacheka mpaka akashika ukuta, lakini sidii akaitoa.

Sasa hapo ndipo shida ya pili ilipokuwa imekaa inamsubiri. Mgeni alibonyeza kitufe, kile kisahani cha kuwekea sidii kikatoka, akaiweka, kikarudi ndani. Kikalia krrr, krrr, krrr, kama mtu anayekwaruza chungu kilichoungua. Kioo kikasema hakuna sidii. Akaitoa, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Krrr. Shomari akasema sidii itakuwa mbovu, akaleta nyingine. Krrr. Mgeni akatoka mwenyewe mpaka Mtaa wa Msimbazi, kwa wauza sidii wa barazani, akarudi na ya tatu ikiwa bado kwenye nailoni yake. Krrr, krrr, hakuna sidii.

"Mashine ina mkosi hii," akasema Shomari, akaenda zake kwa wateja wengine.

Mgeni hakuamini mikosi inayotoa sauti. Akakifungua kile kisahani tena, akainama, akakitazama kwa karibu kama anavyotazama karatasi zake. Ukingoni palikuwa na vumbi jekundu. Akalipitishia kidole, likapaka. Na kwenye kona, imejibana, palikuwa na punje moja ya mchele. Nyekundu.

Saa saba Harshida, mke wa Mzee Lalit, akaingia na chakula cha mchana kutoka Upanga, vile vikopo vya bati vilivyopandana. Mgeni akamngoja avitue.

"Mama Keyur, njoo kidogo huku. Na usipaze sauti."

Harshida akaja. Mgeni akafungua kiganja akamwonesha ile punje. Mama wa watu akaitazama, akautazama mdomo wa kompyuta, akaweka mkono kinywani.

Mwezi mmoja nyuma ilikuwa Dasera, siku ambayo Wahindu wenye kazi zao huzishukuru zana zao. Pale dukani kila mwaka Harshida hupitisha sinia: kunguma, ule unga mwekundu wa ibada, punje za mchele, ua, na penda kidogo, ule utamu wa maziwa. Anaipaka mizani, anaipaka mikasi, anaipaka cherehani ya kupindia, anaipaka mita ya kupimia kitambaa. Kila mtu pale alilijua jambo hilo, na Mgeni mwenyewe hula ule utamu kila mwaka. Ila mwaka huo siku ile hakuwepo.

"Mliifanyia na kompyuta?" akauliza.

"Si ndiyo inayofanya kazi kuliko wote?"

"Mliilisha?"

"Nilikuwa naipaka hapa mbele," Harshida akasema kwa sauti ya chini kabisa, "kidole changu kikagusa kitu, ikafungua mdomo yenyewe. Mimi ningejuaje? Nikasema, ona, inaomba. Nikaipa."

"Ukaipa nini?"

"Mchele. Na kunguma. Na penda kidogo."

"Penda!"

"Kidogo tu, Mgeni! Kama kucha. Halafu ikafunga, nikafurahi, nikasema imepokea."

Mgeni alijizuia, akajizuia, halafu mabega yakaanza kutikisika. Harshida naye. Wanawake wawili watu wazima wakacheka kimya kimya nyuma ya marobota, wameshikana mikono, machozi yanawatoka. Mzee Lalit akauliza kutoka kaunta, "Kuna nini huko?"

"Tunasafisha," akajibu mkewe.

Na kweli walisafisha. Mgeni akazima umeme ukutani, akafungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, akakichomoa kile kijisanduku cha kusomea sidii, na kila skrubu aliyoitoa akaibandika kwenye daftari kwa gundi ya karatasi na kuandika ilikotoka. Ndani walikuta punje kumi na moja za mchele, na kipande cha penda kilichokauka kama jiwe, na sisimizi wamekwishafanya makazi. Harshida akatandika karatasi nyeupe. Akasema mchele wa ibada hautupwi jalalani, atakwenda kuuweka kwenye shina la tulsi, ule mrehani wake wa ibada, nyumbani Upanga. Mgeni akamkusanyia punje moja moja kwa ncha ya kibano cha nyusi. Halafu palikuwa na kijicho kidogo cha kioo, kile kinachosoma sidii, kimefunikwa wekundu kama jicho la mlevi. Akakisafisha kwa pamba na spiriti aliyokuwa akijisugulia magoti Mzee Lalit. Taratibu, mara tatu, mpaka pamba ikatoka nyeupe.

Alipokirudisha na kuwasha, sidii haikulia krrr. Ikavuma, mvumo wa nyuki aliye mbali, na kioo kikageuka buluu.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, duka linafungwa. Mgeni hakutaka kuingia mwituni giza linaingia. Akanakili maneno yote ya ukurasa ule wa buluu kwenye daftari, herufi kwa herufi, akazima, akaenda nalo nyumbani. Kabla ya kulala alikuwa ameyasoma yote, na yale asiyoyajua ameyapigia mstari.

Ijumaa saa mbili asubuhi akaanza. Shomari naye akaja, akidai anapita tu, lakini alisogeza kigoda.

Windo ikauliza maswali yake, Mgeni akasoma na kujibu. Halafu ukaja ukurasa wa hatari. Ulikuwa unaonesha jinsi diski ilivyogawanywa ndani, vyumba vitatu, kila kimoja na mstari wake, na unauliza: niingie chumba kipi? Ukikosea chumba, umefuta.

"Hapo, mama," akasema Shomari, "wengi tunafuta vyote vitatu, tunafanya kimoja. Haraka."

"Haraka yako iweke mfukoni na bisibisi. Ngoja nisome."

Akasoma mstari wa kwanza: namba na herufi za Kiingereza. Mstari wa pili: namba na herufi. Kisha kwenye mabano, katikati ya Kiingereza chote kile, neno moja la kwao: KAZI. Keyur ndiye aliyekipa chumba hicho jina siku ile ya kwanza, akamwambia, "Shangazi, vitu vyako vyote weka kwenye KAZI, usiweke kwingine." Miaka mitatu Mgeni alikuwa akiweka humo bila kujua sababu. Sasa akaijua. Mstari wa tatu ulikuwa kile kijisehemu cha dawa iliyochacha.

Akapandisha mshale mpaka mstari wa kwanza. Ukurasa ukamuonya kwamba chumba hicho kitafutwa chote. Akahesabu mistari upya kwa kidole juu ya kioo: huu wa kwanza, huu KAZI, huu wa dawa. Akamwambia Shomari ahesabu naye.

"Wa kwanza, mama. Ndiyo."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ila hunifurahishi, umenitia jasho."

Akabonyeza.

Sasa ikawa kungoja. Dakika thelathini na tisa, mashine yenyewe ilisema, na kila feni ilipopunguza mwendo Mgeni alitazama taa ya ukutani. Umeme ulivumilia. Ilipofika pa kuuliza namba ndefu iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, herufi ishirini na tano zisizo na maana, Mgeni akaitazama ile karatasi, vidole vikaruka, akamaliza bila kuangalia chini hata mara moja.

"Duh!" Shomari akafyatuka. "Mama una vidole! Mimi hapo natafuta B mpaka chai inapoa."

Saa sita kasoro kioo kikafunguka, kilima cha majani mabichi na mbingu. Mgeni hakukitazama kilima. Akaingia kwenye KAZI. Kila kitu kilikuwemo. Michoro ya watu ya miaka mitatu, na mwisho kabisa ya kwake. Akashusha pumzi aliyokuwa nayo tangu Alhamisi.

Shomari akaondoka kwenda msikitini. Mgeni akaswali humo humo stoo, akarudi, akatia programu ya kuchorea kwa sidii aliyoiacha Keyur, akaifungua kanga yake. Kikuba kilikuwa kizima, pindo zima. Lakini chini, ndani ya kisanduku, jina lilikuwa limeharibika. Zile herufi nene za mviringo alizozitumia zilikuwa mali ya chumba cha kwanza, kile kilichofutwa. Kompyuta haikuzikuta, ikamwekea za kawaida: nyembamba, kavu, kama za notisi ya mahakama, na neno la mwisho limetoka nje ya kisanduku limelalia ukili.

Ilikuwa saa nane na robo. Alimpigia Keyur Uingereza, simu ikaita mpaka ikachoka. Akajaribu kuzinenepesha zile nyembamba. Zikawa kama uzi uliovimba. Mzee Lalit akaja, akatazama juu ya bega lake.

"Umejitahidi," akasema kwa upole kabisa. "Nimeona. Nampa ya maua, na hii itakwenda msimu mwingine."

"Saa ngapi sasa, mzee?"

"Nane na nusu."

"Bijal anafika kumi na moja."

"Bi Mgeni..."

"Nina saa mbili na nusu. Niache nazo."

Akachukua penseli, akahesabu. Jina lile, ukiondoa zinazojirudia, lilikuwa na herufi kumi na nne tu. Akazifuta zile za mahakama zote, akashika mausi, akaanza kuzichora. Hakutumia rula. Alizichora kama alivyochora majani ya rehani, mstari unaonenepa na kukonda. K ikatoka na mguu ulioinuka kidogo kama mtu anayekanyaga dansi. A ikawa na kofia. U aliipata mara ya kwanza, B mara ya tano. Alipokamilisha moja anainakili kila inapohitajika, anasogea nyingine. Harshida akaja na chai. Aliiweka, akavuta kigoda, akawa anamhesabia kwa vidole: sita, saba, nane.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano gari likapiga honi nje. Bijal akaingia, miwani kichwani, flashi mkononi. "Tayari? Foleni ya kurudi Upanga ni balaa."

"Imebaki S," akasema Mgeni bila kugeuka.

"Herufi moja? Si uiache hivyo hivyo?"

"Ndiyo inayoanza jina, mama. Nikiiacha, kanga itakuwa haina kichwa."

S ilimtesa. Ilikuwa inalala chali, inasimama kama nyoka aliyekasirika, inakonda kiuno. Mara saba akaifuta. Honi ikapigwa tena na dereva. Mara ya nane akafumba macho kidogo, akafumbua, akaivuta kwa pumzi moja kutoka juu mpaka chini. Haikuwa imenyooka. Ilikuwa imeegemea mbele, kama mtu aliyetoka nyumbani akiwa na nia yake. Akaiacha.

Mzee Lalit akavaa miwani, akainama mbele ya kioo.

"Herufi zimepinda."

"Zimepinda kwa mkono wangu. Zinasomeka?"

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. "Zinasomeka," akasema. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Bijal, lete flashi."

Wiki mbili baadaye, asubuhi moja, simu ya dukani ikalia. Mzee Lalit akaongea Kigujarati, akasikiliza, akafunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Bi Mgeni. Ni kiwandani. Mchoraji wao anasema jina la hii kanga limelewa. Anataka kulinyoosha kabla hawajaanza kupiga chapa. Anasema kwake ni kazi ya dakika kumi."

Mgeni alikuwa kwenye kiti chake, anapima pindo la kanga yake ya pili kwenye kompyuta.

"Wewe unasemaje, mzee?"

"Mimi sikuichora. Nakuuliza wewe."

"Basi mwambie asiguse hata herufi moja."

Mzee Lalit akaondoa kiganja kwenye simu. Maneno ya Mgeni yalikuwa machache, lakini yale aliyoyasema yeye kwa Kigujarati yalikuwa mengi, na sauti ikawa inapanda. Mgeni hakuelewa kitu, ila jina lake alilisikia humo mara mbili. Akashika mausi akaendelea kupima pindo.